Jibu: Nataka kuacha petroli ya chupa, nifungue kituo kidogo Tandahimba

Ndugu yangu, nimekuelewa: unauza petroli ya chupa unayoiweka chumbani, bodaboda wanakutegemea, hela ya korosho imeingia, na fundi anakuhimiza umwage zege la kituo kesho. Msimamishe kwanza.

Kwa Sheria ya Petroli ya 2015, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutoa kibali cha ujenzi kabla hujagusa kiwanja, kisha leseni ya kuuza baada ya kituo kukamilika na kukaguliwa. Ukijenga kwanza ukaomba baadaye, unaweza kuambiwa ubomoe. Hapo ndipo wengi huumia.

Anza na hati ya kiwanja na matumizi yake, hayo kaulizie halmashauri. Halafu NEMC, baraza la taifa la mazingira, na zimamoto. Pampu zitapimwa na Wakala wa Vipimo. Waulize EWURA masharti ya vituo vya vijijini, ni mepesi kuliko ya mjini. REA, wakala wa nishati vijijini, nao wamewahi kukopesha wajenzi wa vituo vijijini, kaulizie.

Bei hujipangii: EWURA hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu usiyoruhusiwa kuivuka, kila mwezi, na mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara hupigiwa hesabu yake ya bei.

Ramani na tangi mwachie mhandisi aliyesajiliwa. Na zile chupa, tafadhali, zitoe chumbani wanakolala watoto leo hii.