Boti inayorukaruka hata horini

SWALI: Fundi, salaam. Nilinunua boti ya faiba iliyotumika, futi 23, na mashine ya farasi 40 ya kuchanganya oili na petroli. Aliyeniuzia alisema inakimbia noti 20 (maili za baharini kwa saa). Sisi tuko watatu, na hatujawahi kupita 12 kwa kipimo cha simu. Kasi ikianza kuja, omo (mbele ya boti) inanyanyuka na kushuka, inanyanyuka na kushuka, hata ndani ya hori ya Tudor, ule mkono wa bahari hapa Mombasa, maji yakiwa shwari. Nilitoa propela ya 13 nikatia ya 15 ili nipate kasi, ikawa nzito zaidi. Sasa naambiwa ninunue mashine ya 60. Je, hii ya 40 imechoka? (Msomaji, Mtongwe)

JIBU: Pesa ya mashine ya 60 iache kwanza palepale ilipo. Umetaja jambo moja lililonirahisishia kazi: hata horini, maji shwari. Kama boti ingekuwa inapigapiga nje ya mwamba tu, wakati wa kusi (upepo wa kusini), ningekwambia hiyo ni bahari ya Julai, punguza moto. Boti inayorukaruka kama pomboo kwenye maji yaliyolala ina mawili au matatu: uzito umekaa pasipofaa, mashine imeinamishwa vibaya, au tumbo lake limepinda. Na hayo ndiyo hayohayo yanayokula kasi. Naona ugonjwa mmoja hapo, wewe umeuhesabu mara mbili.

Anza na lisilo na gharama. Kwenye mabano yanayoshika mashine kuna pini iliyopita katika moja ya matundu kadhaa. Ikiwa tundu la nje kabisa, mguu wa mashine unakaa mbali na shetri (ukuta wa nyuma unaobeba mashine), propela inainua omo kupita kiasi, boti inashindwa kuibeba, inaiangusha. Rudisha pini tundu moja kuelekea boti, ujaribu, kisha jingine. Usikimbilie la ndani kabisa, maana omo italima maji na usukani utakuvuta mkono. Siku hiyohiyo hamisha madumu ya petroli na sanduku la barafu kutoka tezi (nyuma ya boti) uyapeleke katikati. Dumu la lita 20 likijaa ni kama kilo 15, na wavuvi wengi hupanga manne au matano nyuma kwa sababu mpira wa mafuta ni mfupi. Nunua mpira mrefu.

Propela ya 13 irudishe leo. Ile namba ya pili iliyochongwa kwenye propela ndiyo pichi, yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya mbao. Kila inchi unayoongeza huipunguzia mashine mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Wewe umeongeza mbili kwenye boti iliyokwisha elemewa. Ni kama kupanda mlima na gia ya nne, na mashine ya namna hiyo ikikokotwa muda mrefu inaweza kuungua pistoni.

Kisha azima mita ya mizunguko, ile ndogo inayozungushiwa waya wa plagi. Bila hiyo tunapiga ramli. Mashine nyingi za farasi 40 za aina yako hutakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500 moto ukiwa wote, yaani mkono wa mafuta umefunguliwa mpaka mwisho. Kitabu chake kitakupa namba kamili, pamoja na ya gia. Pima ukiwa na mzigo wa kawaida, kwenda na kurudi, uchukue wastani, kwa sababu maji ya bamvua (yale makuu yanayojaa na kupwa sana) yakitoka Tudor yatakudanganya vibaya.

Tuseme umepata 5,000 na gia yako ni 2 kwa 1, yaani mashine huzunguka mara mbili propela ikizunguka mara moja. Gawanya kwa 2, zidisha kwa 13, gawanya kwa 1,215 (namba inayogeuza inchi kwa dakika kuwa noti): unapata karibu noti 27 za kwenye karatasi. Kwa sababu maji yanateleza, kupoteza asilimia 10 hadi 20 si ajabu, kwa hiyo 22 au 23 ingekuwa halali yako. Ukiwa bado kwenye 12, nguvu inatoka lakini boti haiipati. Mizunguko ikipaa ghafla huku boti imebaki palepale, chora mstari wa rangi kutoka kwenye bosi ya ndani ya propela, ile inayoshika shafti, hadi kwenye sehemu ya nje yenye mabawa, ukaendeshe. Mstari ukikatika, mpira ulio kati yake umeachia. Na ikiwa hata na propela ya 13 mashine haifiki 4,500, kuna mzigo uliojificha, au kweli mashine ni mgonjwa.

Mimi nadhani ni mzigo. Boti nyingi za faiba kama yako zina sponji iliyofungiwa chini ya sakafu ili zisizame. Ufa mdogo, skrubu ya kiti isiyozibwa, na maji huingia kidogo kidogo kwa miaka, wala hayatoki. Kufua ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya boti) hakusaidii, kwa sababu haya yamefungiwa kwenye sponji. Lita 200 za maji ya bahari ni kilo 205, yaani wanaume watatu wasioshuka hata siku moja, nao hupenda kukaa tezi. Niliwahi kutoboa sakafu ya boti ndogo kuliko yako, mwenyewe akiapa kwamba ni kavu kabisa. Ilidondosha maji siku mbili.

Iangalie boti ikiwa imetia nanga bila mtu ndani. Imekalia tezi? Mstari wa uchafu wa zamani umezama chini ya maji? Halafu ngoja bamvua, uipandishe mchangani maji yakijaa, yakipwa una saa kadhaa za kufanya kazi. Toboa sakafu kutokea ndani, karibu na shetri, kwa msumeno wa tundu wa inchi 2. Kata sakafu tu, usifike tumbo la boti. Toa kipande cha sponji ukikamue. Kikitoa maji, sponji yote ya sehemu hiyo haina budi kutoka. Kuianika juani ni kujidanganya.

Ukiwa bado chini hapo, paruza tumbo. Wazee walichoma vyombo vyao kwa moto wa makuti na kupaka shahamu, si kwa mapambo: vile vijigamba vigumu vinavyokata mikono huiba noti nyingi. Lilaze rula refu la mwashi kwenye tumbo, mita 2 za mwisho kuelekea tezi. Mwanga ukipita katikati ya rula, tumbo limebonyea, na boti itazamisha omo. Rula likipwaya kwenye ncha zake, limevimba, na hapo ndipo kurukaruka kunapozaliwa. Mara nyingi ni kwa kuhifadhiwa juu ya magogo mawili tu. Tazama pia lile bamba lililolala juu ya propela: liwe sawa na tumbo la boti au juu yake kwa inchi moja hivi.

Mashine yenyewe haitakuchukua asubuhi nzima. Mwenzako avute moto wote mashine ikiwa imezimwa, uone kama kabureta zinafunguka mpaka mwisho. Waya uliolegea peke yake unaweza kukuibia nguvu nyingi. Fungua pumzi ya tangi la mafuta, yaani tundu lake la hewa. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda): silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10, niandikie tena.

Na kabla hujajibu aliyekushauri mashine ya 60, simama kwenye mguu wa hii ya 40 ikiwa imefungwa, uitikise kwa uzito wako huku mtu akitazama shetri kwa ndani. Ndani ya faiba hiyo kwa kawaida mna mbao, na kama maji yameingia kwenye sponji, huenda yamekwisha pita hapo. Shetri ikicheza, au ikigongwa kwa mpini wa nyundo itoe sauti ya boga, hata hii ya 40 haistahili kuning'inia hapo. Ivue, umwite fundi faiba.