Maswali na Majibu: Delta ya Rufiji na Mapafu ya Binadamu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwa ajili ya somo la jiografia nilichapisha picha ya setilaiti inayoonyesha delta ya Mto Rufiji, nikaibandika ukutani kando ya mchoro wa mapafu unaotumiwa na mwenzangu wa baiolojia. Wanafunzi waliona mara moja kuwa picha hizo zinafanana mno. Je, mfanano huo una maana yoyote, au ni macho yetu tu?
Mwalimu, Kibiti

JIBU: Ndugu Mwalimu, wanafunzi wako wameona vyema, na wanastahili jibu lisilowakatisha tamaa. Picha mbili za vitu visivyohusiana zaweza kufanana kwa sababu vitu hivyo vimeumbwa na kanuni moja, au kwa sababu kanuni tofauti zimeishia kwenye umbo moja, au kwa sababu jicho la binadamu limezifananisha lenyewe. Ili kujua jozi yenu iko upande gani, ni lazima muulize kila picha ilichorwa na nini, kisha mtafute mahali ambapo mfanano unavunjika.

Bila shaka wanafunzi wameuweka mto unaotoka bara mahali pa koo, na mikono yake inayoelekea baharini mahali pa mirija ya hewa. Waambie waifuate picha hiyo kwa kidole. Mirija ya mapafu hugawanyika mara 23 hivi kuanzia kooni, na kila inapogawanyika huzidi kuwa myembamba, wala matawi yake hayakutani tena. Mikono ya mto haifanyi hivyo: hukutana tena baada ya kuzunguka visiwa vya mikoko, na mingi hupanuka kadiri inavyoikaribia bahari. Kwa mpangilio huo, jozi yenu inafanana kwa mbali tu.

Sasa igeuzeni picha ya setilaiti juu chini, mchague hori moja linaloingia mikokoni, na mlango wake wa baharini ndio uwe koo. Mtaona hori likigawanyika na kupungua upana hadi kuwa vijito vinavyopotea ndani ya matope, jambo linalokaribia sana mchoro wa mapafu. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hata kazi inafanana. Maji yanapojaa huingia kwa mlango huo mmoja na kusambaa hadi kwenye vijito vya mwisho, na wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, hufika kwenye mikoko iliyo ndani kabisa. Yanapokupwa hurudi kwa njia ileile, kama pumzi inavyoingia na kutoka. Penye haja ya kulifikia eneo pana kwa kupitia mlango mmoja, umbo la matawi hufaa sana, na ndiyo maana mapafu huweza kuweka ndani ya kifua makumi ya mita za mraba za utando wa kupitishia hewa. Hata hivyo, njia za kuumbwa kwake ni tofauti kabisa: mirija ya mapafu huchipuka kutokana na chembe hai za mtoto akiwa bado tumboni, ilhali hori huchimbwa na maji yanayokwangua matope. Kwa hiyo jozi yenu ni ya aina ya pili, yaani umbo moja lililofikiwa kwa njia mbili.

Mkitaka jozi ya aina ya kwanza, tafuteni picha ya radi na picha ya michoro ya Lichtenberg. Mwaka 1777, mjini Göttingen nchini Ujerumani, Georg Christoph Lichtenberg aliona vumbi likijipanga kwa umbo la nyota na matawi juu ya bamba la utomvu lililotiwa umeme. Radi huwa na urefu wa kilomita kadhaa, na michoro hiyo hutoshea kiganjani, lakini sababu ni moja: nguvu ya umeme huwa kubwa zaidi kwenye ncha, hivyo tawi lililotangulia huzidi kutangulia. Mfano wa aina ya tatu ni ile sura ya mtu iliyopigwa picha na chombo cha Viking 1 kwenye sayari ya Mirihi mwaka 1976, ambayo picha za karibu zilizopigwa baadaye zilionyesha kuwa ni kilima cha kawaida.

SWALI: Ningependa kukusanya jozi za picha za namna hii. Nianzie wapi, na je, kompyuta yaweza kunisaidia?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kompyuta husaidia sana ikiulizwa swali mahususi. Mwaka 2020, mwanafizikia wa anga Franco Vazza na daktari wa upasuaji wa ubongo Alberto Feletti, wote wa Italia, walilinganisha mtandao wa seli za neva za ubongo na mtandao wa galaksi, vitu vinavyopishana kwa ukubwa kwa namba yenye sifuri zaidi ya 27. Hawakuridhika na kutazama tu, bali walipima jinsi maada inavyotawanyika katika kila kipimo, wakakuta mfanano kati ya maikromita 1 na milimita 0.1 kwenye ubongo, na kati ya miaka ya nuru milioni 5 na milioni 500 kwenye ulimwengu. Ukiiachia programu ichague jozi yenyewe, mara nyingi itakuletea picha zenye rangi au mandhari ya nyuma yanayolingana, jambo ambalo halina uzito.

Kwa hiyo anza kwa kuondoa rangi, kata kingo zinazotambulisha kitu, izungushe picha, kisha andika pembeni ukubwa halisi wa kila kitu. Jozi nzuri ya kuanzia ni matope yaliyokauka na ngozi ya twiga. Twiga wa Kimasai hatakufaa sana, kwa kuwa mabaka yake yana kingo zilizochanika kama majani. Mchukue yule wa kaskazini mwa Kenya, ambaye mabaka yake yenye pembe yametenganishwa na mistari myembamba myeupe. Chunguza mahali ambapo mistari mitatu inakutana, upime pembe zake katika picha zote mbili. Matope hupasuka kwa kuwa yanasinyaa yakikauka, na nyufa mpya hupenda kuukuta ufa wa zamani kwa pembe mraba, lakini yakiloweshwa na kukauka mara nyingi pembe hizo husogea kuelekea nyuzi 120. Kwenye ngozi ya twiga hakuna kilichopasuka. Maelezo yanayotumiwa sana yanatokana na pendekezo la mwanahisabati Mwingereza Alan Turing la mwaka 1952, kwamba kemikali zinazosambaa kwa kasi tofauti huku zikiathiriana zaweza kupanga mabaka wakati kiumbe kingali kinaumbika.