Millet na Oedipus mchanga
Umeuliza kama Jean-François Millet, mchoraji wa Ufaransa, alichora wakulima tu, au aliwahi kugusa visasili vya Wagiriki. Aliwahi, ndugu yangu, tena kabla hajapata jina kwa picha za mashambani. Tafuta "Oedipus akishushwa mtini", aliyoionyesha kwenye Salon ya Paris, maonyesho makuu ya sanaa ya wakati huo, mwaka 1847. Sasa ipo Ottawa, kwenye Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada.

Kisa chenyewe: mfalme wa Thebes, mji wa Ugiriki ya kale, aliambiwa kwamba mwanawe atakuja kumuua, akaamuru kichanga kitobolewe miguu na kutupwa nyikani. Jina Oedipus maana yake ndiyo hiyo, mwenye mguu uliovimba. Wengi humchora akiwa mtu mzima, mbele ya Sphinx, zimwi lenye mwili wa simba na kichwa cha mwanamke, na kitendawili chake. Millet akachagua mchungaji anayemkuta mtoto amefungwa mtini. Angalia mwanamume anavyojikunja juu ya mti kumfungua mtoto, na mwanamke aliye chini anavyompokea kwa mikono miwili, mbwa wao akiwa miguuni. Hakuna mfalme wala mungu pale. Ni watu wa kijijini wanaookoa mtoto wa mwenzao, na rangi imepakwa nzito, karibu uishike.

Mimi picha hii naipenda sana kwa sababu hiyo. Millet mwenyewe alizaliwa kwenye familia ya wakulima huko Normandy, 1814. Mwaka mmoja baada ya picha ya Oedipus, 1848, alionyesha "Mpepetaji", na miaka tisa baadaye wakaja "Waokota masazo". Ukiziweka pamoja, utaona mgongo ni uleule ulioinama.