Bakteria wanaokula dawa ya magugu

SWALI: Ndugu mhariri, kisima chetu kipo bondeni, na juu yake kuna shamba la machungwa linalopigwa dawa ya magugu kila masika. Mwanangu wa sekondari ananiambia wako bakteria wanaokula sumu iliyomo majini. Je, naweza kuwapata? Kwa sasa tunachemsha maji tu.
Mama wa watoto wanne, Muheza, Tanga

JIBU: Mama, mwanao amesema kweli. Nchini Denmark, ambako karibu maji yote ya kunywa hutoka ardhini, dawa ya magugu iitwayo diklobenili ilipigwa marufuku mwaka 1997, lakini masalia yake, yajulikanayo kwa kifupi kama BAM, yaliendelea kuonekana visimani miaka mingi baadaye. Wataalamu walipata udongoni bakteria aina ya Aminobacter, waliopewa jina MSH1, ambao BAM kwao ni chakula. Walipowapandikiza katika machujio ya mchanga ya majaribio, masalia hayo yalishuka chini ya mikrogramu 0.1 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Umoja wa Ulaya kwa kiuatilifu kimoja.

Tatizo lilijitokeza baada ya wiki chache. Sumu inayomtia mzazi wasiwasi ni kidogo mno kumshibisha bakteria. Kwa hiyo wengine walidhoofika kwa njaa, wengine wakachukuliwa na maji ya kusafishia chujio, na wengine wakaliwa na protozoa, vijidudu vidogo vinavyokula bakteria. Isitoshe, kila bakteria ana chakula chake: anayekula BAM si yule anayekula atrazini, dawa nyingine ya magugu. Kwa sababu hiyo, mtu akikuletea chupa ya bakteria wa kumimina kisimani, nakusihi usinunue.

Endeleeni kuchemsha, kwani moto huua vimelea vya kipindupindu. Ila dawa nyingi za magugu haziondoki kwa moto, na maji yakipungua sufuriani hubaki zimekolea zaidi. Chujio lenye mkaa maalumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo (si huu wa jikoni) hunasa nyingi kati yake, mradi ubadilishwe kabla haujajaa. Kabla ya kutumia fedha, pelekeni maji maabara mjue ni dawa gani iliyomo. Na mwenye shamba, ambaye naamini naye ana watoto, aombwe kwa upole asipige dawa mvua ikiwa imetanda, wala asioshee bomba lake la kupulizia karibu na kisima.