Pa kutembea kando ya maji si lazima bichi

Dada umeuliza umpeleke wapi mamako atembee kando ya maji pasi na mchanga wala makelele ya bichi, mie nakwambia nendeni Bamburi, hapa Mombasa, kwenye yale machimbo ya zamani ya simiti. Matatu za Mtwapa zinapita hapo hapo, mkishavuka daraja la Nyali si mbali. Pale palikuwa jiwe tupu wallahi, walianza kuchimba 1954 wakachimba mpaka yakabaki mashimo na mabwawa ya maji ya chumvi chumvi, mti haushiki, hadi 1971 Rene Haller, yule mtaalamu wa kampuni ya simiti aliyepewa kazi ya kuotesha miti, akajaribu miti ya mivinje ikakubali, lakini majani yake hayaozi, basi akaleta majongoo wakawa wanayala na kile kinyesi chao ndo kikawa udongo wa msitu mzima unaouona leo. Inama ufukue kidogo chini ya mvinje, utaona udongo mweusi laini halafu chini yake jiwe jeupe la matumbawe. Mie hapo husimama kila nikienda.

Kwa mama ningechagua Haller Park, ile bustani ya wanyama iliyo kwenye machimbo hayo, njia ni tambarare na kuna viboko, mamba na twiga unamlisha mkononi, ulimi wake mrefu umekaa kama msasa. Forest Trails, zile njia za msituni za hapo hapo Bamburi, ni za wenye miguu imara na wa baiskeli. Nendeni alasiri jua likipoa, mpake dawa ya mbu, na ukingoni mwa bwawa la viboko msisogee kabisa.