Chumba kimoja, watu wanne: anza na uvunguni

Dada, nimekuelewa: chumba kimoja Mbagala, wewe, mume na watoto wawili, nguo zimejaa kwenye viroba, na uvunguni panya wamehamia. Usinunue kabati kwanza. Litakula nafasi na mrundikano utabaki palepale.

Toa vitu vyote vya uvunguni nje siku ya jua. Nguo zisizowatosha tena watoto zigawe siku hiyohiyo, maana kiroba kikisharudi ndani hakitoki tena. Zilizobaki zianike zikauke kabisa ndipo uzikunje. Unyevu wa Dar huotesha ukungu upesi kwenye begi lililofungwa. Kisha inua kitanda kwa vigogo vya mbao vilivyochongwa shimo la kuingiza mguu. Matofali matupu siyapendi, watoto wakirukaruka kitanda kinateleza. Hapo chini zitaingia ndoo kubwa zenye mifuniko, ya unga, ya mchele. Masufuria yaning'inize ukutani.

Mtungi wa gesi usiufiche uvunguni. Usimame wima karibu na dirisha. Sumu ya panya usiitege chumba wanacholala watoto. Ukuta ukiwa unalowa kutoka chini, mwambie mwenye nyumba alete fundi kabla hujapanga chochote upande huo.