Muulize Mwalimu: Amemaliza S.4, Lakini Chenji Inamshinda

Barua ni nyingi mwezi huu, na karibu zote zinalia kilio kimoja. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana imenikaa moyoni tangu nilipoisoma.

*Mwalimu, salaam. Nina duka la vyakula hapa Busia, upande wa Uganda. Nimemchukua mtoto wa marehemu kaka yangu, amemaliza S.4, yaani kidato cha nne, mwaka 2024 na cheti anacho. Siku ya tatu nilimwachia kaunta nikaenda kupokea mzigo. Kurudi, nakuta watu wamejaa mlangoni. Mama mmoja amechukua sukari kilo mbili, 9,000, mche wa sabuni 4,200 na viberiti vya 500, akatoa noti ya 20,000. Simu ya kijana ilikuwa imezima, naye amesimama na noti mkononi, hajui arudishe ngapi. Yule mama ndiye aliyemwambia. Jioni nikampa daftari aandike wanaodaiwa. Mwandiko wake sikuuweza. Mwalimu, karo nimelipa mimi, muhula kwa muhula. Nimlaumu nani: shule, simu, au yeye? Nimrudishe kwao?*
*Baba Mdogo, Busia*

Usimrudishe, ndugu yangu. Kijana wa miaka hiyo akirudishwa kwao kwa sababu ya chenji, hatasimama tena mbele ya kaunta ya mtu maishani mwake.

Umeuliza nani alaumiwe. Simu iweke kando kwanza. Simu haikumsahaulisha hesabu ya kutoa, imeficha tu kwamba hakuwahi kujua. Chenji si somo la S.4, ni somo la P.3, darasa la tatu la msingi. Kwa hiyo mwanao alipita P.4, P.5, P.6 na P.7, akafanya mtihani wa kumaliza msingi, akaenda sekondari miaka yote ile, na katika madarasa hayo yote hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesimama akasema: huyu hapa amekwama, tumngoje. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimefundisha shule za msingi Jinja miaka 33, zaidi madarasa ya chini. Mwaka 1997 elimu ya msingi bila karo ilipoanza, watoto nchini waliruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano kwa mwaka mmoja. Darasani kwangu P.1 ilikuwa na watoto 58. Muhula ulipofunguliwa niliwahesabu 143, wengine wamekaa nje chini ya mwembe, wengine wana miaka kumi na mbili na ndiyo mara yao ya kwanza kushika penseli. Nililia kwa furaha siku ile, na sitamwacha mtu aseme lilikuwa kosa kuwaita wale watoto. Lakini madaftari 143 hayasahihishwi kwa jioni moja. Nilikuwa natia alama ya vema penye jibu sahihi na mkasi penye kosa, basi. Kwa nini mtoto amekosa, sikuwa na dakika ya kumuuliza. Na mwisho wa mwaka tukaambiwa wote wapande, kwa kuwa anayekariri darasa huziba nafasi ya mwenzake. Wakapanda. Aliyejua na asiyejua, bega kwa bega.

Mwanao ana mkosi mwingine juu ya huo. Kama amemaliza S.4 mwaka 2024 bila kukariri, basi aliingia S.1 mwanzoni mwa 2020, kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya wa sekondari. Machi mwaka huohuo shule zikafungwa kwa ajili ya korona, zikafunguliwa zote Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu kama sisi. Wakati huo yeye alikuwa na umri wa kuimarisha yale ya msingi, na pengine alikuwa anafyatua matofali au kuuza ndizi barabarani. Muulize siku moja alikuwa wapi. Unaweza kukuta alishika fedha nyingi za watu miaka ile kuliko unavyofikiri.

Jambo jingine ni hii mbio ya mtihani. P.7 wana masomo manne, alama bora ya kila somo ni 1, kwa hiyo alama bora kuliko zote ni jumla ya 4. Shule iliyopata watoto wenye 4 huwabandika picha getini, wazazi wakaja na karo mkononi. Basi kuanzia P.6 kazi ni moja: karatasi za mitihani iliyopita, kutoka kabla jua halijachomoza hadi usiku. Mtoto anazoea sura ya swali. Akiona maneno fulani anajua afanye nini, hata kama hajui kwa nini. Mama mwenye mche wa sabuni hana sura hiyo. Hakuja na namba zilizopangwa wala mstari wa kujazia jibu.

Lakini sitaki tuanze kusema watoto wa zamani walikuwa na akili kuliko hawa. Mimi nimekulia Walukuba, mtaa wa Jinja. Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo, alisoma hadi la nne, na alikuwa anakupigia bei ya yadi saba na nusu za kitambaa huku anakoroga chai. Nilimwona kama malaika. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikajiuliza: katika nyumba za jirani zetu, ni wangapi walikaa darasani kama yeye? Wachache. Wale ambao hesabu ingewashinda hawakuingia kabisa, au walitolewa mapema wakapewa jembe, na hakuna aliyewaandikia gazeti barua ya kulalamika. Tunachukua wachache waliochujwa wa jana, tunawalinganisha na watoto wote wa leo. Si haki.

Sasa tuje kwenye kaunta yako, maana hapo ndipo kuna kazi.

Funga duka saa moja usiku, mketi wawili tu, wateja wasiwepo wala mkeo asiwepo. Mpe hesabu ya kutoa ya tarakimu mbili, kisha tatu, kisha yenye sifuri katikati, kama 503 toa 178. Akikosa usimwambie amekosa. Mwambie, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Msikilize mpaka mwisho. Hapo ndipo utajua amevunjika wapi, na ndipo utakapoanzia, hata kama ni P.2. Mwazime kitabu cha P.3 cha watoto wako, mkifunike kwa karatasi ya gazeti ili asione haya.

Chenji usimfundishe kwa kutoa. Wauza duka hawatoi, wanapanda. Yule mama anadaiwa 13,700. Kijana aanze hapo hapo: 13,700, aweke sarafu ya 200 na ya 100 juu ya kaunta, amefika 14,000. Aweke noti ya 1,000, amefika 15,000. Aweke noti ya 5,000, amefika 20,000. Amekwisha. Kilichoko juu ya kaunta ndicho chenji, 6,300, na mteja ameiona ikihesabiwa kwa macho yake. Mama yangu aliuza samaki soko kuu la Jinja bila kujua kusoma, na hivyo ndivyo alivyorudisha chenji maisha yake yote. Mwanao afanye hivyo kwa sauti, na kwa kila mteja, hata wa pipi. Baada ya wiki mbili midomo itakuwa inacheza tu bila sauti. Baada ya mwezi haitacheza.

Akishashika hilo, mpe la mpakani, kwa kuwa nyinyi Busia mna bahati ya kuwa na fedha za nchi mbili. Tuseme leo mnabadilisha shilingi moja ya Kenya kwa 28 zetu. Mama yule angetoa noti ya 500 ya Kenya, ni sawa na ngapi? Aifanye kwa vipande: 100 ni 2,800, mara tano ni 14,000. Chenji 300. Kijana anayeweza hiyo kichwani wachuuzi wa Busia watamheshimu, na yeye mwenyewe atajiheshimu.

Kisha mpeleke nyuma ya kaunta, kwenye faida. Gunia la maharage kilo 100 umenunua 320,000, boda amechukua 5,000, unauza kilo moja kwa 3,800, na kila gunia unajua kilo mbili zitakuwa mawe na vumbi. Umebaki na ngapi? Mwache aihangaikie siku nzima kama ni lazima. Jibu ni 47,400, lakini la maana ni akija kukuuliza, "Baba mdogo, zile kilo mbili za mawe nazo nizitoe?" Akiuliza hivyo, ujue ameanza kufikiri kama mwenye duka.

Simu usimnyang'anye. Kaunta ikijaa kalkuleta ni msaada. Ila awe na desturi moja: kabla hajabonyeza, aseme kwanza inakaribia ngapi. Kidole kikiteleza, sifuri ikapungua, 13,500 ikasomeka 1,350, asiyekisia kwanza ataamini kioo na kukupa hasara.

Mwandiko: daftari la madeni liwe lake. Kila jioni aandike tarehe, jina, kitu, kiasi, taratibu, halafu akusomee kwa sauti. Asiposomeka aandike upya mstari ule mmoja tu, si ukurasa. Na wewe usimcheke. Umeandika kwamba yule mama alimwambia chenji yake mbele ya watu. Kijana ameshakula aibu ya kutosha.

*Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne hapa Bombo. Nyumbani tunasema Kinubi na Kiswahili. Binti yangu yuko P.4 shule ya serikali. P.1 hadi P.3 walisoma kwa Kiganda, sasa kila kitu ni Kiingereza, na mtoto hasomi chochote, anakariri tu maneno ukutani. Shemeji zangu wanasema nimhamishie shule ya kulipia ambako wanaanza Kiingereza chekechea. Nifanye nini?*

Mama, mpango huo wa kuanza na lugha ya mahali na kugeukia Kiingereza P.4 uko tangu 2007, na wazo lake ni jema: mtoto ajifunze kusoma kwa maneno anayoyaelewa. Umekuwa mgumu kwa nyumba kama yako, ambako lugha ya mahali si lugha ya jikoni. Mtoto wako alijifunza kusoma kwa lugha ya pili, na kabla haijakaa akapewa ya tatu.

Usikimbilie kulipa. Kwanza jua kama hajui Kiingereza au hajui kusoma. Ni vitu viwili. Mwandikie kwa Kiswahili: "Nyanya ameweka chungu cha maharage jikoni." Akiisoma na kucheka, kusoma anajua, kinachokosekana ni maneno ya Kiingereza, na hayo yatakuja kwa kusikia na kusoma. Akishindwa hata hiyo, basi anza na silabi, ba be bi bo bu, robo saa kila usiku. Kiswahili kitakusaidia sana hapa, kinaandikwa kama kinavyosemwa. Mtoto akishajua kwamba herufi zinatoa sauti na sauti zinatoa neno, ufunguo huo anauhamishia lugha yoyote. Na akusomee wewe jikoni, au bibi yake. Msikilizaji hahitaji kujua kusoma, anahitaji kuwa na subira.

*Mwalimu, nimestaafu, niko Arua. Nyinyi walimu mmeacha fimbo ndiyo maana watoto hawajui kitu. Sisi tulichapwa, na jedwali la kuzidisha tunalijua hadi leo. Irudisheni.*

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe, na si kwa sababu tu sheria ya watoto ya 2016 imekataza fimbo shuleni. Mimi nilichapa. Mwaka 1989 nilikuwa na mvulana P.3 ambaye kila siku aliandika 52 toa 27 ni 35. Nilimchapa Jumatatu, nikamchapa Jumanne, nikamchapa Alhamisi. Ijumaa fimbo ilikuwa imevunjika, nikamwambia kwa uchovu tu: hebu nieleze umefanyaje. Akanionyesha kwa kidole. "Mbili haiwezi kutoa saba, mwalimu. Kwa hiyo nimegeuza, saba nikatoa mbili, tano. Halafu tano toa mbili, tatu."

Alikuwa amefikiri. Alikuwa na kanuni, na aliifuata kwa uaminifu chini ya viboko siku tatu, kwa kuwa hakuna aliyempa nyingine. Nikatuma watoto wakaokote vijiti, tukavifunga kumikumi kwa kamba za mgomba, mafungu matano na vijiti viwili pembeni. Nikamwambia anipe 27. Akatoa mafungu mawili, akanipa. Akatazama vile viwili vilivyobaki pembeni, akanitazama mimi, kisha akachukua fungu moja akalifungua kamba.